Nani Aitwe Edwini

Hapo zamani, na msinikatize kuniuliza mwaka gani maana mwaka wenyewe siujui, palikuwa na mama mmoja katika kijiji cha Lihanje, kule juu milimani kwenye baridi na mibuni. Baba yake alimpa jina la Otilia, lakini hakuna aliyekuwa akimwita hivyo. Siku alipojifungua mtoto wake wa kwanza, ambaye ndiye akawa na wa mwisho, Otilia alikwisha na Mama Edwini akaanza. Hata mumewe alimwita hivyo. Hata padri.

Najua kuna mjuaji hapo nyuma anataka kuuliza Edwini ni jina gani la mtoto wa Lihanje. Tulia nikuambie. Kijiji kile kilikuwa na akina Alois saba na akina Benedikto kumi na mmoja. Ukiita Benedikto kisimani, kumi na mmoja wanageuka. Edwini alikuwa mmoja tu, na jina lake liliingia kijijini kwa mlango wa jikoni.

Mume wa Mama Edwini, marehemu Severini, aliwahi kuwa mpishi wa Mwingereza aliyekuja kupima barabara. Mwingereza huyo aliitwa Edwini. Alikuwa mtu mpole, akila alichopikiwa bila kukunja uso, na jioni alikaa peke yake nje ya hema akiandika barua kwao. Siku moja Severini akamuuliza jina lake lina maana gani, kwa sababu Lihanje jina lisilo na maana walilihesabu ni kelele tu. Yule Mwingereza akacheka. Akasema ni jina la kale sana, la lugha ambayo hata wao wenyewe hawaisemi tena. Nusu ya kwanza ni heri, ile heri inayokuja na neema ya mali. Nusu ya pili ni rafiki. Akasema kwao jina hilo lilipata kusahaulika, ikapita miaka mingi sana likawa halisikiki, halafu watu wakalikumbuka, wakaanza kuwapa watoto upya.

Severini alilichukua jina lile akalitunza moyoni miaka miwili bila kumwambia mtu. Mkewe alipojifungua mtoto wa kiume, akasema, "Huyu ni Edwini, rafiki wa heri. Nimempa mwanangu mwenzake kabla hajajua kutembea."

Severini akafa mtoto ana miaka tisa, wakabaki wawili. Watu wawili katika nyumba hawana haja ya kuitana majina, akisema mmoja basi mwingine anajua ni yeye anayeambiwa. Lakini Mama Edwini alimwita tu. Edwini lete kuni. Edwini umekula. Edwini ingia ndani unalowa. Alimwita hata wakiwa wamekaa jikoni bega kwa bega, kwa ule utamu wa kumwita, na kijana akaitika kila mara bila kuchoka.

Edwini alipofika miaka kumi na tisa, lori la manamba likapanda mlimani. Manamba mnawajua? Ni wale vijana waliokuwa wakichukuliwa kwa mkataba kwenda kukata mkonge huko pwani. Edwini alitaka kwenda apate mahari ya Generosa, binti wa kitongoji cha pili ambaye alikwisha kumchumbia. Akaondoka na mwenzake Zakaria, kijana mwenye mguu mmoja mfupi. Daktari wa manamba alimkataa Zakaria kwa sababu ya mguu ule, naye Zakaria akajificha chini ya magunia, lori likaondoka naye. Kijiji kizima kililijua hilo na kulicheka. Mama Edwini alisimama barabarani mpaka vumbi likatua.

Mwaka wa kwanza ukapita, watu wakarudi kutoka mkongeni. Mama Edwini akawafuata. Mmemwona mwanangu? Wakasema kumwona hawakumwona, maana shamba ni kubwa na kambi ziko mbalimbali, lakini wamemsikia. Kila alfajiri wafanyakazi wote hupanga mstari kwenye ukungu, kila mtu na kipande chake, kadi yake ya kazi, na karani anaita majina kutoka kwenye daftari. Anaita Edwini wa Severini, na Edwini anaitika: nipo.

Mwaka wa pili ukapita, wengine wakarudi. Mmemwona mwanangu? Kumwona hatukumwona, Mama. Anaitwa, anaitika: nipo.

Mwaka wa tatu, vilevile. Wa nne, vilevile. Mama Edwini aliuliza sauti yake ikoje, wakamwambia ni sauti ya mtu aliyeamshwa mapema. Aliuliza kwa nini harudi, wakasema huenda ametia saini mkataba mwingine. Nisiwadanganye, aliwauliza hata kuku. Lakini lile neno moja, nipo, lilimtosha kupata usingizi. Alilila kama chakula mwaka mzima mpaka wengine walipokuja na jipya.

Upweke wake ulikuwa wa namna hii. Kutwa alisikia jina la mwanawe. Mama Edwini umeamkaje, Mama Edwini nigawie chumvi, Mama Edwini poleni na mvua. Kijiji kizima kilimtaja mwanawe mbele yake, na yeye peke yake ndiye hakuthubutu. Aliogopa. Akiita na pakawa kimya, ule ukimya atauweka wapi? Basi akafunga mdomo. Miaka saba mama yule hakusema "Edwini" hata mara moja.

Sasa huyo Generosa. Mwaka wa pili aliwaaga kaka zake, akahamia kwa Mama Edwini bila ndoa wala ngoma. Alilima mashimo ya ngoro, yale wanayochimba mteremkoni ili udongo usiondoke na mvua. Alichuma kahawa. Alipanda juu ya paa akaziba panapovuja, watu wakimtazama. Wakawa wawili ndani, lakini msidhani upweke ulipungua sana. Walimngoja mtu yule yule, na kila mmoja aliona haya kumtaja mbele ya mwenzake. Jioni walizungumza habari za mbuzi.

Sikilizeni desturi ya Lihanje, maana hapo ndipo penye kazi. Mtu akipotea mavuno saba bila uso wake kuonekana, jina lake haliachwi likizurura. Ama linafungwa, ama linarithiwa. Likifungwa, mkubwa wa ukoo analitamka mara ya mwisho ndani ya chungu kitupu, anakifunika chungu kifudifudi kizingitini, na tangu hapo hakuna ruhusa ya kulitaja. Likirithiwa, mtu mmoja anakaa mkekani, mama mzazi anammwagia mikononi maji ya kibuyu na kumwita kwa jina lile. Akishaitwa, ndiye. Si mfano wake wala si badala yake. Ndiye mwana wa nyumba ile mpaka mama atakapozikwa, na ndiye atakayemzika. Ni mtu mmoja tu, na jambo liishe kabla jua halijazama.

Mnaona basi Mama Edwini alikuwa hatarini kupoteza nini. Jina likifungwa, hatakuwa Mama Edwini tena. Atarudi kuwa Otilia, na wote waliomwita Otilia, baba yake, mama yake, dada zake, walikuwa makaburini. Angebaki na jina ambalo hakuna mtu hai aliyewahi kumwita kwa kumpenda.

Mavuno ya saba yakaisha. Alois, mdogo wake marehemu Severini na mkubwa wa ukoo, akaja alasiri akiwa na haraka, maana kahawa yake ilikuwa imeanikwa na hakumwamini mtu kuianua. Akaweka chungu kizingitini. Akatandika mkeka. Akauliza nani anakaa.

Watu walitazama miguu yao. Ndugu wa ukoo walikuwapo, lakini kukaa pale ni kuchukua mama mzima na mzigo wake, na si kila mtu anautaka. Mama Edwini aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akapata kitu cha kujikuna. Mwishowe Generosa akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga, akasogea mkekani.

"Binti yangu," Alois akasema, "hilo ni jina la kiume."

"Baba yake alisema maana yake ni rafiki wa heri," Generosa akajibu. "Hakusema rafiki mwenye ndevu."

Wengine walicheka, wanawake hasa. Alois hakucheka. Lakini kabla hajapata la kusema, watu wakasikia hatua njiani. Zilikuwa za wanaume wawili, na hatua za mmoja hazikulingana. Mama Edwini akasimama. Aliuona ule mguu mfupi kutoka mbali akamjua Zakaria, na moyo ukamruka, kwa sababu wale wawili waliondoka pamoja. Akamtazama yule wa pili. Alikuwa mtu mrefu, wa makamo, mikono yake imechanwachanwa na miiba ya mkonge, na hakumjua. Akatazama nyuma yao. Njia ilikuwa tupu. Akatazama tena nyuma yao, na hapo akakaa chini.

Zakaria alipiga magoti mbele yake akaeleza yote, macho chini.

Edwini alikufa mwezi wa nne tu tangu wafike. Ilikuwa homa ya siku tatu. Zakaria wakati ule hakuwa na kazi wala kipande, maana alifika kwa kujificha. Alilala chumbani mwa Edwini na kula nusu ya posho ya Edwini, na Edwini hakuwahi kumnung'unikia hata siku moja. Chumba kile walikaa watatu, na wa tatu ndiye huyu aliyekuja naye, Ntahondi, Mha kutoka Kasulu. Siku zile tatu Zakaria alikuwa mbio kutafuta dawa na maji, na aliyekaa na mgonjwa ni Ntahondi. Edwini akafa Jumapili mchana, kambi nzima imekwenda ngomani. Wakamzika wao wawili, kwenye mpaka wa shamba.

Jumatatu alfajiri karani akaita Edwini wa Severini. Kimya. Akaita mara ya pili. Zakaria alikuwa amesimama pembeni mwa mstari, hana kazi, hana chakula, hana pa kwenda, na kipande cha Edwini kiko mfukoni mwake. Akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema: nipo. Karani alikuwa mgeni, vipande havikuwa na picha, na mnyapara alitaka mkonge ukatwe, hakujali umekatwa na nani. Zakaria akaitika siku hiyo, akaitika kesho yake, akaitika miaka saba. Huko huko alihesabu mavuno, akajua mwaka huu jina litafungwa, ndiyo sababu akaja.

Mama Edwini alisikiliza mpaka mwisho. Kumbe ile nipo aliyoila miaka yote haikutoka kwa mwanawe. Uchungu ukampanda, uchungu wa kufiwa na uchungu wa kucheleweshwa kufiwa, na hakujua alie upi kwanza. Wanawake wenzake waliofiwa walilia, wakanyoa, wakapozwa na watu, wakapoa. Yeye alikuwa anauliza habari za maiti kila mwaka na kurudi nyumbani akitabasamu.

Akamuuliza Zakaria kwa nini hakuleta habari. Zakaria akasema habari ikifika Lihanje ingerudi na kambini, na kazi ingekwisha. Mwanzoni ilikuwa njaa. Baadaye, akasema, haikuwa njaa tena. Kambini alisikia watu wakisema kwamba mama fulani milimani anaishi kwa lile neno, naye akaogopa kukosa hata siku moja. Alikwenda mstarini na homa yake ili aitike.

Hapo Generosa akaanza kulia. Alois akamuuliza mbona analia kama mtu anayejua. Akasema ni kweli, alijua. Mwaka wa tano mtu mmoja aliyerudi kutoka mkongeni alimwambia kisimani kwamba huyo Edwini anayeitika anachechemea kama kuku aliyefungwa kamba. Alijua siku ile ile ni nani, na kwa nini. Akanyamaza miaka miwili. Alinyamaza kwa sababu alimwona Mama Edwini uso unavyomng'aa kila neno lile linapofika. Na pia, akasema bila kujitetea, kwa sababu nyumba ikiwa haina wa kumngojea, yeye angerudishwa kwa kaka zake.

Mama Edwini akamgeukia, akamtazama. Miaka miwili ile yote, kila jioni, walikuwa wakizungumza habari za mbuzi.

Akabaki yule Mha. Ntahondi alisema kwa Kiswahili cha polepole kwamba saa ya mwisho Edwini alimshika mkono, akamwambia, "Jina langu usiliache huku kwenye mkonge. Lipeleke kwa mama." Naye akaahidi. Lakini mkataba ulipokwisha akatia saini mwingine, na ule ulipokwisha akatia mwingine, kwa sababu kwao hakuwa na mtu na kwa mama huyu aliogopa kuja. Na kila alfajiri alisimama mstarini, watu wawili tu kutoka kwa Zakaria, akimsikia marehemu anaitwa na anaitika. Hakusema kitu, maana angesema Zakaria angefukuzwa na njaa ingemmaliza.

Alois alitaka kukifunika chungu papo hapo. Akasema hawa wote watatu ni wakosaji, mmoja kaiba jina, mmoja kaficha, mmoja kakaa na ahadi mfukoni miaka saba, na jina lifungwe watu wakaanue kahawa. Mama Edwini akamwambia, "Shemeji, jua bado lipo. Waache waseme." Hakuwahi kumpinga shemeji yake mbele za watu, na Alois mwenyewe alishangaa akakaa.

Generosa ndiye aliyeanza. "Mimi sikulibeba kwenye karatasi, nililibeba mgongoni. Watu walipobisha hodi kwa Edwini, aliyeitika ni mimi. Aliyelima kwa Edwini ni mimi. Kazi ya mwana katika nyumba hii imefanywa miaka sita, Mama, na umeiona kwa macho yako."

Zakaria akasema, "Nililivaa kwa kuiba, lakini nililitunza. Tangu Edwini afe, jina lake halijaandikwa kwa ulevi, wala wizi, wala ugomvi. Leo mtu akiniita Zakaria sigeuki. Akiita Edwini nageuka kabla sijajua nimegeuka."

Alois akamkata kauli. Akamwambia lile jina lake la kuzaliwa asilitaje tena, kwa sababu lilifungwa juzi. Mavuno saba yalikuwa yake pia. Mama yake alikuwa amekufa, na hakuna aliyekaa mkekani. Zakaria alimtazama Alois, akawatazama watu, na watu wakakwepa macho yake, maana kweli hakuna aliyejua sasa amwiteje. Mimi namwita Zakaria kwa kuwa mimi si mtu wa Lihanje. Yeye alikwenda kuitika kwa ajili ya mwenzake miaka saba, na nyumbani kwake hakupatikana mtu wa kuitika kwa ajili yake.

Ntahondi akasema, "Hawa wawili walijichukulia. Mimi nilipewa, na mwenyewe, kwa mdomo wake. Nimechelewa, nakubali. Lakini jina lilikuwa mali yake, na alinikabidhi mimi. Aliniambia na maana yake. Akasema nusu ile ya rafiki aliijua kitandani pale."

Alois akatazama jua. Lilikuwa limebakiza kama upana wa viganja viwili juu ya mlima.

Mama Edwini akajifunga kanga vizuri. Akasema, "Ya nyuma nimeyasikia. Sasa nawauliza hivi. Mmoja wenu akikaa hapa, kesho asubuhi mimi nikiamka, atanifanyia nini?"

Generosa alisema ataamka kabla yake, atakoka moto, atakwenda shambani, kama jana na kama juzi. Hana cha kuongeza. Ila akasema Mama ajue kwamba yeye akiitwa Edwini leo, hakuna mwanamume atakayemwoa, maana nani ataoa Edwini, na hilo amelikubali. Asipoitwa, kaka zake wamekwisha kumpatia mgane mmoja wa kitongoji cha chini, na Jumamosi wanakuja kumchukua. Alilisema bila kulia. Mama Edwini akaiona nyumba bila Generosa, moto haujawaka, paa linavuja, na akaogopa.

Zakaria alisema hajui kulima vizuri kwa mguu huu. Lakini asubuhi atangoja kuitwa. "Utaniita, nami nitaitika. Ukiniita tena, nitaitika tena. Uniite hata kama huna la kunituma." Mama Edwini akamgeukia, kwa sababu hiyo ndiyo njaa aliyokuwa nayo, hiyo na si nyingine, na alichukia sana kwamba aliyeitambua ni mdomo ule ule uliomdanganya.

Ntahondi alisema, "Nitakueleza zile siku tatu. Alisema nini, alikunywa nini, alimtaja nani, alichekea nini, maana siku ya pili alicheka. Sitayamaliza kesho. Miaka saba nayabeba peke yangu, na hakuna mtu mwingine duniani anayeyajua." Mama Edwini alijua kwamba bila hayo hatalia akamaliza, na bila kulia hatapoa. Alijua pia kwamba mtu huyu asipopewa jina, ataondoka leo leo, kwani ataishi hapa kwa udugu gani? Lihanje haimpokei mgeni asiye na ukoo.

Sasa ninyi mnaonong'ona hapo kwamba awachukue wote watatu, mmekwisha kuambiwa. Ni mmoja. Na wengine mnaosema hakuna kati yao anayestahili, sawa, chungu kiko kizingitini na Alois ana haraka.

Mama Edwini alichukua kibuyu. Akaenda mkekani. Wale watatu wakanyoosha mikono: mikono ya Generosa yenye udongo wa ngoro kwenye kucha, mikono ya yule asiye na jina, mikono ya Ntahondi iliyomfukia mwanawe. Akafungua mdomo alioufunga miaka saba. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi, halikuwa limechakaa hata kidogo, na alipolisikia likija alianza kulia, machozi ya kwanza tangu lori liondoke.

Nami nimefika hapo, sisogei. Msinifuate nyumbani kuniuliza alimmwagia nani, maana usingizi wenu si juu yangu. Ninyi ndio mjibu, na mjibu kama watu watakaoamka kesho katika nyumba ile. Mmoja alifanya kazi ya Edwini, akamficha mama ukweli. Mmoja aliitika kwa Edwini, akamwibia mama msiba wake. Mmoja alimuuguza Edwini na kupewa jina kwa mdomo, akachelewa miaka saba. Je, nani alistahili? Au mnataka mama yule arudi kuwa Otilia?

Haya, semeni. Kibuyu kimeinama na jua linazama. Amwite nani?